Wageni Wakija, Ficha Godoro

Nilipowaaga nyumbani Korogwe kwamba nimepata kazi nje ya nchi, shangazi yangu alininunulia sweta zito. Kwake yeye nje ya nchi ni mahali penye theluji. Nilipomweleza kwamba ni Kenya, mji wa Machakos, na kwamba ninakwenda kwa basi, alilitazama lile sweta kwa muda, akauliza kama mwenye duka anaweza kulipokea tena. Mpaka leo ndugu zangu wakiulizwa nilikokuwa hujibu "alikuwa nje", wakanyamaza hapo hapo ili muulizaji ajaze mwenyewe.

Machakos nako nilipandishwa cheo bila kuomba. Makao ya watoto yaliyoniajiri, yaliyoko kwenye mteremko nje kidogo ya mji, yalikuwa na kipeperushi cha kuwapa wahisani. Ndani yake, chini ya picha yangu nikiwa nimeshika mwiko, iliandikwa kwamba makao yana wafanyakazi wa kimataifa. Wafanyakazi hao wote nilikuwa mimi. Kazi yangu ya kimataifa ilikuwa kuwalea watoto wanane katika nyumba moja: kuwaamsha, kuwaogesha, kuwatafutia soksi, kuamua nani alianza, na kujifunza kupika muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa ambayo Wakamba huyachemsha na maharage wakayapenda maisha yao yote. Muthokoi wangu wa kwanza ulikuwa mgumu hata mtoto mmoja akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama ni wa kula leo au kesho.

Furaha za kazi ile zilikuwa ndogo ndogo na hazikuwahi kutoa taarifa kabla ya kufika. Kulikuwa na mtoto aliyeletwa akiwa hasemi chochote, wiki zikapita, tukaitana sote kumwombea. Neno lake la kwanza mezani kwangu lilikuwa "chumvi". Nililia nikiwa nimeshika kijiko, na chumvi kweli ilikuwa imezidi. Huzuni nazo hazikuwa kubwa za kuandikwa kwenye kipeperushi. Ni mtoto kuhifadhi nusu ya andazi lake siku ya Jumamosi, siku ya ndugu kutembelea, kisha jioni kulila mwenyewe taratibu bila kumwambia mtu alikuwa amemwekea nani.

Jambo lililonichukua muda kulielewa ni kwamba makao yetu hayakuwa maskini. Hatukuwa matajiri, lakini magodoro yalikuwa mazito, tangi la maji lilijaa, na sebuleni kulikuwa na televisheni kubwa kuliko yoyote niliyopata kukaa mbele yake Korogwe. Mkurugenzi wetu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, alikuwa mtu mwema. Aliweza kumtambua kila mtoto kwa kikohozi chake tu. Zamani kabla sijafika, aliwahi kuwapokea wahisani kutoka ng'ambo kwa fahari, televisheni ikiwaka na watoto wakiwa na viatu vinavyong'aa. Wageni walisifu sana, wakapiga picha, wakarudi kwao, kisha wakatuma salamu kwamba wamefurahi mno kuona watoto wanaishi vizuri, kwa hiyo msaada wao wataupeleka mahali penye shida zaidi. Mwalimu wa watu alijifunza.

"Madam," aliniambia wiki yangu ya kwanza, "wageni wakikuta uko sawa, wanakuacha ukiwa sawa. Hiyo TV iende stoo."

Basi ndivyo tulivyoishi. Ikitajwa siku ya wageni, televisheni ilikwenda stoo, magodoro mapya yakaifuata, na mapazia yakavuliwa. Watoto walivikwa nguo zilizochakaa. Hapo palikuwa na tatizo moja, nalo ni kwamba nguo zilizochakaa hatukuwa nazo. Nikatumwa Tala, siku ya soko, nikachague kwenye marundo ya mitumba.

"Mteja, hii ni gredi ya kwanza," muuzaji aliniambia, akilipeperusha sweta moja la buluu.

"Sitaki ya kwanza. Nipe iliyochoka."

"Iliyochoka nitakuuzia aje? Hizo hapo chini watu wa boda boda ndio huchukua, wapanguse pikipiki."

Nilinunua fungu la kupangusia pikipiki. Yule kijana alinitazama nikiondoka, kisha akamwita jirani yake wa meza ya pili aje wanitazame wote wawili. Sikumlaumu. Nilikuwa nimetumia msaada wa wahisani kununua matambara ya kuwaonyesha wahisani, na nilikuwa nimewaza sana kuhusu rangi.

Wageni wa serikali walikuwa kinyume chake. Afisa wa watoto akija kukagua, alitaka kuona kila mtoto na kitanda chake, godoro lake, shuka na chandarua. Siku hiyo stoo ilimwagwa nje. Wageni wa ndege walitaka tusiwe na kitu, wa serikali wakataka tuwe na kila kitu, na sisi tuliwaridhisha wote kwa magodoro yale yale. Watoto hawakuhitaji kuambiwa ni wageni gani. Walisikiliza gari. Gari la ofisi ya serikali lilikuwa na mngurumo wake wa kukohoa, nalo lilimaanisha toa. Magari ya kukodi ya watalii, yale ya paa linalofunguka, yalikuja kwa mlio laini, nayo yalimaanisha ficha.

Na msidhani watoto waliona aibu. Kwao hiyo ilikuwa adabu tu ya kupokea wageni, kama katika nyumba nyingine mtoto anavyofundishwa kuleta maji ya kunawa. Katika nyumba yangu aliyekuwa hodari kuliko wote alikuwa binti mmoja wa darasa la pili, mwembamba, mwenye sauti kubwa. Yeye ndiye aliyesimamia magodoro yakunjwe vipi na yapite mlango upi, na yeye ndiye aliyesimama mbele, mikono kifuani, na kusema maneno ambayo mimi mwenyewe nilimkaririsha: "Karibuni wageni wetu wapendwa. Hatuna kitu, lakini tuna tabasamu." Kisha akatabasamu, na wageni wakatafuta vitambaa vyao vya kufutia machozi.

Huyu binti nilimpokea akiwa mchanga. Mama yake alifariki siku chache baada ya kumzaa. Bibi yake, mkulima mdogo wa kule Katangi, alijaribu kumnywesha maziwa ya mbuzi, lakini mwaka ule mvua ilikataa na mbuzi nao wakakauka. Akambeba hadi kwetu, akamweka mikononi mwangu, akasema kwa Kiswahili chake cha kutafuta maneno, "Nishikieni mpaka mvua." Tukamshikia. Mvua zilinyesha, zikakata, zikanyesha tena, na bibi aliendelea kuja Jumamosi kila alipopata nauli. Alileta mbaazi za kuchemsha kwenye kitambaa, akaketi kwenye benchi la wageni na mjukuu wake, wakala kimya. Binti alimpenda. Susu, kama Wakamba wanavyomwita bibi, alikuwa mgeni pekee asiyetaka kuimbiwa.

Kisha serikali ikaanza kusema kwamba watoto wenye jamaa warudi kwa jamaa zao, na makao kama yetu yapunguze idadi. Susu alilisikia hilo kanisani. Jumamosi iliyofuata hakuketi kwenye benchi.

"Mvua ilishanyesha," alimwambia mkurugenzi. "Nimekuja kuchukua mtoto."

Mkurugenzi hakumkatalia. Alimweleza tu kwamba afisa lazima akaione nyumba kwanza: kitanda cha mtoto, maji, chakula, choo. Kama nyumba ingefaa, mtoto angebaki huko. Kama isingefaa, asingerudi kwetu vilevile, kwa kuwa sisi tulikuwa tunapunguzwa. Angehamishiwa makao makubwa upande mwingine wa nchi, ambako nauli ya susu isingefika kamwe. Susu alisikiliza mpaka mwisho, akauliza siku, akaenda zake.

Nami nilitaka nini? Nilitaka mtoto abaki kwangu. Kwa kuwa hilo halikuwa miongoni mwa mambo ya kuchagua, nikataka aende kwa susu, na nikalitaka kwa nguvu zote ambazo lile la kwanza lilikuwa limeniachia.

Siku ya ukaguzi, gari la makao lilituteremsha mimi na binti Katangi asubuhi, tukapitia sokoni, tukashika njia ya vumbi. Nilijua nyumba ya susu ni ya matofali, ya vyumba viwili, mabati juu. Sikujua yaliyomo. Nilipopiga hodi na kuingia nilisimama mlangoni nisiamini. Kulikuwa na makochi yaliyovikwa vitambaa vya kufuma. Kulikuwa na zulia. Kulikuwa na thamosi mbili kubwa, saa ya ukutani, taa ya sola, vikombe vya kioo vimepangwa kama vya harusi, na kwenye kitanda cha kamba kulikuwa na godoro nene hata shuka halikufika chini. Kabati la vyombo lilikuwa limeshindwa kupita mlangoni, kwa hiyo lilisimama uani likiwakaribisha kuku.

Nikageuza kikombe kimoja. Chini palikuwa na tone la rangi ya kucha, jekundu. Kilichofuata kilikuwa na tone la kijani. Sufuria zilikuwa na uzi wa buluu kwenye masikio. Wanawake wa huku hutia alama vyombo vyao ili baada ya msiba au harusi kila kimoja kirudi kwa mwenyewe. Mimi nilikuwa mtu wa stoo, nilijua ninachokitazama.

Jikoni nikawakuta wenyewe. Walikuwa mwethya wa susu, kile kikundi cha majirani ambao hulima pamoja, huchimba matuta pamoja na kuzikana. Safari hii walikuwa wameamua kupanda nyumba nzima. Mwenyekiti wao, mama mnene aliyevaa gambuti, alinivuta kando.

"Umeona? Iko sawa ama tuongeze?"

"Msiongeze, mama."

"Kuna mtu ako na friji."

"Hapa hakuna umeme."

"Si ataiona tu."

Nilimsihi friji ikae ilikokuwa. Susu mwenyewe alikuwa kwenye ncha ya kochi, gauni lake la kanisani limepigwa pasi, magoti pamoja, akiogopa kuegemea. Nyumba ilikuwa yake na yeye ndiye aliyeonekana mgeni. Binti alizunguka akigusa kila kitu, akarudi kugusa tena, kisha akamshika susu mkono na hakuuachia. Sikuwahi kumwona akimshika mtu mkono bila kuagizwa. Niliumwa, na nilifurahi, na nikaenda jikoni kukata vitunguu kwa sababu huko mtu anaweza kuwa na machozi bila kuulizwa.

Sasa, gari la ofisi ya afisa lilikuwa limeharibika. Kijana wa watu, mkazi wa Syokimau, kule karibu na Nairobi, mwenye viatu vyeupe visivyofaa kabisa kwa Katangi, alijitafutia gari la kukodi ili asituangushe. Lililopatikana lilikuwa la watalii, la paa linalofunguka. Lilikuja kwa mlio laini.

Watu wazima wote tulitoka kumlaki, susu akiwa mbele. Huku huwezi kuwapita watu ukaingia ndani. Unampa kila mmoja mkono, unamuuliza hali, unaulizwa yako. Wanawake wa mwethya walikuwa wengi na kila mmoja alikuwa na mengi ya kuuliza. Afisa alipofika kwa wa mwisho, na mwenyekiti akamaliza kumweleza historia ya matuta, ulikuwa umepita muda wa kutosha kabisa kwa mtu hodari anayejua kazi yake, mwenye watoto wa majirani wa kuwaamuru na mlango wa nyuma.

Tulipoingia ndani hapakuwa na zulia. Hapakuwa na saa wala thamosi wala vikombe. Makochi, kwa kuwa yalikuwa mazito, yalikuwa yamefunikwa magunia. Kitanda kilibaki kamba tupu. Katikati ya chumba alisimama binti yangu, miguu mitupu, amevaa shati la shamba la susu lililochanika begani, mikono kifuani.

"Karibu mgeni wetu mpendwa," alisema kwa ile sauti yake. "Hatuna kitu, lakini tuna tabasamu."

Akatabasamu.

Afisa alichuchumaa mbele yake. "Niaje, mrembo. Wewe ukiwa hapa utakuwa unalala wapi?"

"Chini."

"Na kukula?"

"Mungu akileta, tunakula."

Hilo nalo nilimfundisha mimi. Nyuma yangu nilisikia wanawake wakikosa pumzi mmoja baada ya mwingine. Mwenyekiti aliangalia kitanda, akaniangalia mimi, akaangalia mkoba wangu kana kwamba zulia lingeenea humo. Susu alikwenda akashika ule ukingo wa kitanda, akapapasa kamba kwa kiganja, kisha akaketi chini sakafuni na gauni lake la kanisani. Nadhani alifikiri ameibiwa, na kwamba hata kama ameibiwa ni haki yake, kwa kuwa vitu vile havikuwa vyake toka mwanzo.

Afisa alisimama. Hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa sauti ya chini, bila kumtazama susu: "Susu, pole. Hapa haiwezekani. Mtoto hana hata mahali pa kulala." Akaanza kutoka.

Binti alimtazama akitoka bila kutoa chochote, na uso ukamkunjamana. Akanivuta sketi. "Mama, mbona haachi kitu?"

"Vitu umeviweka wapi?"

"Kwa mbuzi."

"Kwa nini?"

"Si wageni wakipata vitu vizuri hawaletangi vingine?" Alinijibu kama mtu anayemkumbusha mwalimu somo lake. "Mimi nataka walete vya susu."

Afisa alikuwa amesimama kizingitini. Aligeuka. "Nani amekufunza hivyo?"

"Huyu," alisema, na alinionyesha kwa fahari. "Kwetu mimi ndio mkubwa wa godoro."

Ningeweza kusema kwamba watoto wana mawazo mengi. Watu husema hivyo kila siku na huaminiwa. Nilimtazama susu pale chini, nikamtazama yule mtoto aliyekuwa amefanya kwa ajili ya bibi yake jambo bora kuliko yote anayoyajua, nikapandwa na hasira. Sikupata mtu wa kumkasirikia isipokuwa sisi. Nikamweleza afisa yote: stoo, televisheni, Tala, fungu la kupangusia pikipiki, magari na milio yao. Sikuwa na ushujaa wowote. Nilisema haraka haraka kama mtu anayetapika, na nilipomaliza nilihisi vivyo hivyo, nafuu na kuona haya.

Afisa alirudi ndani hatua moja. "Na mimi nikikuja kwenu, mnanitolea."

"Wewe tunakutolea."

"Yale magodoro nilisifu."

"Ndiyo yale."

Aliketi kwenye kochi lenye gunia, viatu vyeupe mbele yake, akawaza. Kisha akaomba kwenda kwa mbuzi. Vitu vilikuwa vimepangwa vizuri ajabu, thamosi juu ya zulia, mbuzi mmoja tu ndiye aliyekuwa amepanda juu ya godoro na kukataa kushuka. Wanawake walivirudisha, na hapo ukweli mwingine ukatoka wenyewe, kwa sababu hakuna mwanamke aliyeokota chombo bila kukigeuza kutazama alama, kukipangusa, na kukikumbatia kama chake.

"Kwa hivyo hata hizi si za susu," alisema afisa.

Susu ndiye aliyesema, akiwa ameshainuka, anapangusa vumbi la gauni.

"Kitanda ni yangu. Mbuzi ni zangu. Tangi ni yangu, nilichimba msingi na hii mikono. Mbaazi iko gunia, kuja uone. Hizo zingine hata sijui kutumia. Hiyo saa inanipigia kelele tangu jana."

"Susu, hata mbaazi ikiwa gunia ngapi, mtoto hawezi kulala juu ya kamba."

Mwenyekiti wa mwethya alivua gambuti, akaketi chini, na wenzake wote wakaketi. Nilidhani wamechoka. Kumbe mkutano umefunguliwa. Waliongea Kikamba kwa kasi, wakichanganya Kiswahili kila walipotaka afisa asikie. Mwenye godoro alikuwa mama mfupi mwenye kilemba cha manjano. Alieleza kwamba godoro lile amemwekea mwanawe anayekuja Krismasi.

"Mwana wako ni mwanaume mzima," mwenyekiti alimwambia. "Alale mkeka."

"Ameoa. Ako na bibi wa Nairobi."

"Bibi wa Nairobi akuje na godoro yake."

Kicheko kilikuwa kirefu, na mwenye godoro mwenyewe alicheka mpaka akapangusa macho, jambo ambalo mkutano ulilichukua kuwa ni kukubali. Taa ya sola iliachwa kwa ajili ya kusoma. Vikombe viliachwa viwili, vya alama tofauti. Thamosi ziliondoka zote, kwa sababu Jumapili kulikuwa na kinamama wa kanisa na hapo hapakuwa na mjadala. Zulia liliondoka. Kabati liliondoka mbio, mwenyewe alikuwa hajatulia tangu lilipokwama. Wawili walijitolea kuja kwa zamu siku ambazo susu anaumwa mgongo, wakabishana nani aje Jumanne. Hapo afisa aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Sawa," alisema. "Mtoto abaki mpaka shule zifunge. Halafu nitarudi kuangalia, na sitasema siku."

Binti alikuwa amekaa juu ya godoro, ambalo sasa lilinuka mbuzi. "Utakuja na gari gani?" aliuliza.

Afisa alinitazama mimi, na nikatazama pembeni.

Mkurugenzi nilimpigia simu hapo hapo, kabla ujasiri haujapoa, nikamwambia kilichotokea na nilichosema. Alisikiliza yote, akauliza kama nimepiga picha. Sikufukuzwa. Kipeperushi kilichofuata kilikuwa na susu na mjukuu wake ukurasa wa mbele, na maneno kwamba makao yetu yako mstari wa mbele katika kurudisha watoto kwenye familia, na ndani bado nilikuwa nimeshika mwiko, wa kimataifa kama kawaida. Stoo ilifungwa kwa kufuli muda fulani. Baadaye ufunguo ulipatikana.

Lakini siku ile, gari la kuja kunichukua lilichelewa, na mimi na susu tukabaki kwenye kivuli cha ukuta. Wanawake walikuwa wanashuka njiani na mizigo yao vichwani. Mkoba wa binti nilikuwa nimeshautoa nguo zote nikazipanga, kwa hiyo mikono yangu haikuwa na kazi. Nikaanza kumweleza mtoto alivyo, kwa kuwa nilikuwa ninamjua kuliko mtu yeyote duniani na elimu hiyo sikuwa na pa kuipeleka.

Nilimwambia kwamba hali maganda ya maharage, huyatema moja moja ukingoni mwa sahani.

"Mama yake alikuwa hivyo," alisema susu.

Nikamwambia akilala hulalia tumbo, mkono mmoja chini ya shavu, na ukimgeuza anarudi vile vile.

"Mama yake."

Nikamwambia akiogopa kitu hasemi anaogopa, husema anahisi njaa. Hilo lilinichukua miaka kuligundua na nilikuwa nalionea fahari.

Susu alitikisa kichwa taratibu, anatabasamu. "Hiyo ilikuwa ya mama yake kabisa. Tulimlisha sana."

Miaka yote ile nilidhani ninamsoma mtoto, kumbe nilikuwa ninamsoma mwanamke ambaye sikuwahi kumwona, aliyelala mahali fulani nyuma ya nyumba ile ile. Nilihisi nimetunza vitu vya mtu na sasa mwenyewe anageuza kila kimoja na kukuta alama yake. Nikatafuta la mwisho, hata la aibu.

"Ukimtuma kitu," nilisema, "kwanza anasonya, halafu anakwenda."

"Anafanya nini?"

Nikamwonyesha, nikavuta hewa kwa meno, kwa ile sauti ndefu ya kudharau.

Susu aliwaza. Aliwaza sana, macho yakiwa kwenye mlango wa chumba ambamo mjukuu wake alikuwa akitandika. "Hapana," alisema. "Mama yake hakuwa na hiyo. Kwetu hakuna mtu anafanya hivyo." Akanigeukia. "Hiyo ni yako."

Nilitaka kukataa. Nilitaka kusema ni watoto wa shule wanaoambukizana, kwamba mimi ni mtu mzima na nimelelewa vizuri Korogwe. Badala yake nilijisikia nikisonya, bila kupanga, kama ninavyofanya kila nikisingiziwa. Susu alicheka, kiganja mdomoni, mpaka mabega yakatikisika, na nilipomaliza kuona haya nikakuta ameweka mkono wake juu ya goti langu.

"Basi," alisema, "hiyo nitamwachia."